Bunduki yako ya kwanza ya peintiboli inasumbua? Kagua haya kabla hujanunua mtutu mpya

Karibu kila Jumamosi nikiwa uwanjani hapa Texas, pale penye kompresa ya kujazia mitungi, hunijia kijana mmoja au wawili wa kwetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, na bunduki ya peintiboli mkononi, ile ya mchezo wa kurushiana gololi za rangi, na swali lile lile: "Kaka, ninunue mtutu gani?" Nikimuuliza huo alio nao una nini, ananiambia gololi zinapasukia ndani, au hazifiki mbali, au bunduki inavuja. Tukikaa chini tukaifungua, mara nyingi tatizo ni oringi, ile pete ndogo ya kuzuia upepo usivuje, ya senti chache au rangi iliyokauka, na pesa ya mtutu inabaki mfukoni.

Nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili. Nazungumzia zaidi bunduki za nyundo na springi, ambazo springi husukuma nyundo ikagonga vali na kuachia upepo, maana ndizo wengi huanza nazo: Tippmann 98 Custom, Spyder, Azodin Kaos na za jamii hiyo. Nitaigusa pia EMEK 100 ya Planet Eclipse, ambayo ni ya kawaida sana kwa anayeweza kutoa zaidi ya dola 200. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Fuata mpangilio huo huo. Usianze kufungua skrubu kabla hujafanya ukaguzi wa macho na masikio.

Kwanza kabisa

Vaa maski. Siyo miwani ya kiwandani wala ya pikipiki, bali maski ya peintiboli yenye alama ya kiwango cha ASTM F1776. Kama bajeti yako ni dola 150, toa pesa ya maski kwanza, kinachobaki ndicho cha bunduki. Jicho halina spea.

Visha mtutu soksi yake, ule mfuko wa kuzuia gololi isitoke. Toa hopa, yaani chombo cha juu kinachobeba gololi, na gololi zote. Fungua mtungi wa upepo polepole. Kisha elekeza bunduki chini, mahali pasipo na mtu, ufyatue mpaka isitoe tena sauti ya upepo. Hapo ndipo unaweza kuifungua. Bunduki iliyotolewa mtungi bado huwa imebakiza presha ndani inayotosha kurusha gololi moja.

Na usiijaribu nje ya nyumba au kwenye maegesho ya apatimenti. Miji mingi ya Marekani inakataza kufyatua bunduki ya rangi mitaani, na mtu aliye mbali hawezi kuitofautisha na bunduki ya risasi. Sisi watu weusi tunajua simu moja kwa polisi inaweza kuishia wapi. Ibebe ndani ya mkoba uliofungwa, kwenye buti la gari, na uitolee uwanjani tu.

Gololi zinapasukia ndani

Haya ndiyo malalamiko namba moja. Fungua mtutu uutazame, halafu chungulia kile chumba gololi inamokaa kabla ya kurushwa. Chumba kikiwa kimejaa maganda na rangi nzito kama uji, bolti, kile kipande kinachoisukuma gololi mtutuni, imeikata kabla haijaingia sawasawa. Chumba kikiwa kikavu na rangi imo ndani ya mtutu tu, gololi imepasukia njiani. Ni magonjwa mawili tofauti, na wengi huyatibu kama moja.

Kama inakatwa chumbani, anza na hopa. Hopa ya kawaida isiyo na mota hubeba gololi kama 200 na huziangusha kwa uzito wake tu, takriban nane kwa sekunde, tena zikiwa hazijakwamana. Kidole chako kikiwa na haraka kuliko hapo, bolti inaikuta gololi nusu ndani, nusu nje. Jaribio lake ni jepesi: piga kumi, moja moja, taratibu, ukitikisa hopa kidogo kila mara. Zikitoka zote salama, bunduki ni nzima na hopa ndiyo inayokuangusha.

Sababu ya pili ni kizuizi cha gololi, kile kipande kidogo kinachoizuia isitangulie mbele. Mtungi ukiwa umetolewa, weka gololi moja chumbani uinamishe bunduki mbele. Ikiviringika yenyewe hadi mtutuni, kizuizi kimechakaa, na gololi ya pili inaingia nyuma yake bila nafasi. Kizuizi kipya ni bei ya soda mbili tatu na hubadilishwa kwa dakika tano.

Sababu ya tatu ni mtungi unaokaribia kuisha. Bolti inarudi nusu safari, inakamata gololi vibaya. Jaza mtungi, jaribu tena.

Kama zinapasukia mtutuni, mtuhumiwa wa kwanza ni gololi zenyewe. Ganda la gololi ni jelatini. Linavuta unyevu, linavimba kwa joto, na kwenye baridi linakuwa gumu na kuvunjika kama kigae. Julai moja niliacha nusu boksi kwenye buti la gari kwa wiki nzima. Nilipofungua mfuko, gololi zilikuwa zimeshikana kama tende, nyingine zina vishimo upande mmoja kama shavu lililobonyea. Nikajidanganya kwamba zitafaa kwa mazoezi. Nilishinda asubuhi nzima nikisafisha mtutu. Gololi huhifadhiwa ndani ya nyumba, mahali pakavu penye joto la kawaida, mfuko ukiwa umefungwa, na unaugeuza kila baada ya siku chache ili zisilalie upande mmoja.

Kisha angalia kama gololi na mtutu vinaelewana. Gololi za kawaida ni za kipenyo cha .68 ya inchi, kama milimita 17.3, ila boksi hadi boksi hutofautiana kidogo. Fungua mtutu, weka gololi kwenye mwanzo wake. Ikikaa pale na kutoka kwa pumzi moja ya mdomo, vimepatana. Ikihitaji kusukumwa kwa kidole, mtutu ni mwembamba kwa gololi hizo na zitapasuka. Ikipita yenyewe hadi ng'ambo, mtutu ni mpana. Hazitapasuka, lakini upepo utapotea pembeni.

Kumbuka pia kwamba gololi moja ikishapasuka, mtutu uliolowa rangi huzipotosha au kuzipasua zinazofuata. Usiendelee kufyatua ukidhani zitajisafisha. Pitisha kisafishio hadi kitoke kikavu.

Kama shida yako ni hopa, hapa ndipo ninaposema nunua. Hopa yenye mota ndiyo nyongeza ya kwanza inayolipa, na utahama nayo kwenda bunduki nyingine. Hakikisha tu shingo ya hopa inaingia kwenye bunduki yako.

Hazifiki mbali, au zinakwenda kombo

Nenda kwenye kipima kasi cha uwanja, piga tano. Viwanja vingi vya nje huruhusu hadi futi 280 au 300 kwa sekunde, yaani mita 85 hadi 91. Ukisoma 230, umeshajibiwa. Mtutu wa dola 80 hautakuongezea hatua moja.

Kasi hurekebishwa kwa spana ya L, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha unapima upya. Kwenye Tippmann 98, skrubu ya kasi iko ubavuni na inabana njia ya upepo. Kuilegeza kinyume cha saa huongeza kasi, kuikaza huipunguza. Kwenye Spyder, skrubu ya nyuma inabana springi, kwa hiyo kuikaza ndiko kunakoongeza. Nimeona watu wakihangaika nusu saa kwa kuchanganya hizi mbili. Na kikomo cha uwanja usikivuke hata kwa utani, maana anayepigwa upande wa pili ni mtu.

Kasi ikiwa sawa na bado zinapinda, safisha mtutu. Bado? Badilisha gololi. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi si duara kamili, ukizungusha moja kati ya vidole utaona mstari wa kiungo umejitokeza kama mshono wa shati. Hakuna mtutu unaoinyoosha gololi ya namna hiyo. Viwanja vingi hulazimisha ununue gololi zao, basi uliza wana aina ngapi na uchukue ya kati.

Sasa hilo la mtutu mrefu. Gololi mbili zinazofanana, zikitoka kwa kasi ile ile na pembe ile ile, zinafika mahali pale pale, moja iwe imetoka kwenye bunduki ya dola 100 na nyingine ya dola 1,500. Zaidi ya inchi 14 unajiongezea mzigo na kitu cha kugonga kwenye miti. Mitutu pekee inayoongeza umbali kwa kasi ile ile ni ile inayoizungusha gololi kinyumenyume, kama Flatline ya Tippmann na Apex, nayo huchagua gololi na huadhibu vibaya ikiingia uchafu. Mtu wa bunduki ya kwanza namshauri asiifikirie kwanza.

Ukishafanya yote hayo na bado unataka mtutu, nunua wa inchi 12 au 14 wenye kipenyo kinachoshika gololi za uwanja wako. Angalia hesi, ile mikato ya kukazia mtutu, kabla ya kulipa. Hesi ya Tippmann 98 si ya A-5 ingawa kampuni ni moja, Spyder ina yake, na EMEK hutumia ya Autococker. Mtutu wenye hesi tofauti hauingii, na ukiulazimisha unaharibu mwili wa bunduki.

Mchezo wenyewe ulianza tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, kwa watu 12 wenye Nel-Spot 007, kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe, cha kukoki kwa mkono kila gololi. Aliyeshinda, Ritchie White, alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Huwa nawakumbusha vijana hilo wanapolia kwamba bunduki yao ina kasi ndogo.

Inavuja

Fundi wa baiskeli akitafuta pancha huizamisha tyubu kwenye karai la maji. Bunduki usiizamishe, ila kanuni ni ile ile: sabuni ya vyombo kidogo kwenye maji, unapaka kwa brashi ndogo penye maungio huku bunduki ikiwa na upepo, bila gololi, maski usoni. Mapovu yatakuonyesha. Ukimaliza, futa na ukaushe.

Mapovu yakitokea mtungi unapoungana na bunduki, ni oringi ya mdomo wa mtungi. Nikipewa kumi zinazovuja, nyingi huwa ni hii. Saizi yake ni 015, na ya yurethani hudumu kuliko ya mpira wa kawaida. Beba kumi mfukoni, utampa na jirani. Itoe kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi, maana mkwaruzo mmoja kwenye chuma utavuja milele.

Inapovuja kupitia mtutu, uliza kwanza kama uliikoki kabla ya kufunga mtungi. Tippmann 98 hutakiwa kukokiwa kwanza, mtungi baadaye. Kama ulifuata hilo na bado inavuja, toa mtungi, tia matone machache ya mafuta ya bunduki za upepo mahali mtungi unapofungwa, rudisha, piga mara ishirini bila gololi. Sili iliyokauka au yenye kipande cha uchafu mara nyingi hutulia. Isipotulia, sili ya vali imeumia na vali inabidi itoke. Hiyo ni kazi ya jioni moja kwa mwenye mwongozo wa kampuni mbele yake. Asiye nao aipeleke kwa fundi. Kwenye EMEK kisa ni kingine: oringi za bolti zimekauka au zimekatika, na dawa yake ni grisi maalumu, siyo mafuta mepesi.

Nisisitize kuhusu mafuta. Yale ya kopo la kupulizia huzivimbisha na kuzila oringi. Mafuta ya injini au ya cherehani yakikutana na upepo wa presha kubwa yanaweza kuwaka ghafla. Na tundu la kujazia mtungi halitiwi mafuta ya aina yoyote, kamwe.

Simama hapa: mapovu yakitokea kwenye mtungi wenyewe, penye regulata (kipunguza presha), geji, au kile kiskrubu chenye vitundu vya kutolea presha, usikaze chochote. Uweke nje mahali wazi ujiishie, kisha mpelekee fundi wa mitungi. Kuna hatari nyingine wageni hawaijui. Unapofungua mtungi kutoka kwenye bunduki, mtungi na vali yake vinatakiwa kuzunguka pamoja. Ukiona chupa inazunguka huku vali imebaki imeshikana na bunduki, acha papo hapo. Chupa iliyochomoka kwenye vali yake huruka kama roketi, na hapa Marekani ajali ya namna hiyo imeshaua watu. Ndiyo maana wazoefu huchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye vali hadi kwenye chupa. Mstari ukiachana, mtungi haujazwi tena mpaka fundi auone.

Haijikoki, au inapiga mfululizo yenyewe

Unafyatua mara moja, inatoa "trrrr" kama cherehani, au nyundo inarudi mbele bila kushikwa. Kwanza, mtungi: umeisha, au haujafungwa hadi mwisho na pini ya vali haijabonyezwa vizuri. Pili, mafuta yamekauka ndani. Tatu, kasi umeishusha mno, upepo unaorudi nyuma hautoshi kuirudisha nyundo.

Nne ni oringi ya bolti ya nyuma, ambayo kwenye Tippmann ndiyo nyundo yenyewe, na hii ndiyo iliyonifundisha kutazama. Tippmann yangu ya kwanza, ya mtumba, ilinifanyia "trrrr" siku nzima. Niliyeinunua kwake alinishauri nibadilishe bunduki. Nilipofungua mwili wake mezani, ile bolti ya nyuma ilikuwa inang'aa, safi, hakuna cha kulaumu. Nikapitisha ukucha juu ya oringi: upande mmoja ilikuwa ya duara, upande wa pili bapa kama kandambili iliyolika kisigino. Upepo ulikuwa unapita hapo. Niliibadilisha, nikapaka mafuta, nikarudisha. Bunduki hiyo ninayo mpaka leo.

Piga picha kwa simu kabla hujatenganisha nusu mbili za mwili wa Tippmann. Springi ndogo huruka, na vipande vinavyofanana havifanani.

Simama hapa: kama mtungi umejaa, oringi ni mpya, na bunduki bado inafyatuka bila kuguswa triga au ukiwa umefunga sefti (kizuizi cha triga), kijino kinachoshika nyundo kimelika. Usiipeleke mchezoni. Usikitinde kwa tupa, maana ukikosea kidogo inakuwa mbaya zaidi. Nunua kijino kipya cha kampuni au mpe fundi.

Kwa bunduki za umeme nina neno moja tu: betri mpya kwanza, kisha futa macho ya sensa kwa pamba. Zikigoma bado, fundi.

Kasi inapanda na kushuka

Ukisoma 290, kisha 240, kisha 275, tazama unatumia gesi gani. CO2 hukaa mtungini kama maji, na presha yake hufuata joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni kama psi 830 (pauni kwa inchi ya mraba), kwenye sifuri inashuka hadi kama 500. Ukifyatua haraka, inajipoza yenyewe. Ukiinamisha bunduki, gesi ya majimaji inaingia ndani na kugandisha sili. Pumzika kati ya mapigo, weka bunduki wima, usiuache mtungi juani. Ukiwa unaishi penye baridi kali, hii haitibiki. Unahama.

Kuhama maana yake ni mtungi wa upepo. Wa alumini wa inchi za ujazo 48 na psi 3000 unamtosha anayeanza. Una regulata inayotoa takriban psi 800 bila kujali baridi. Hii ndiyo nyongeza ya pili ninayoikubali bila kusita, na kwa EMEK si hiari, kwani haipokei CO2.

Kama tayari uko kwenye upepo na kasi inayumba, rudi kwenye kupatana kwa gololi na mtutu. Ikiwa ni pigo la kwanza tu baada ya kupumzika ndilo linaloruka juu, regulata inapitisha kidogo kidogo. Regulata ya mtungi haifunguliwi nyumbani.

Kama bado hujanunua

Kodi uwanjani mara mbili tatu kwanza. Ukiwa na hakika, nunua maski, kisha mtungi wa upepo, halafu bunduki yenye spea zinazopatikana jirani. Tippmann 98 ya mtumba iliyotunzwa ni mwanzo mzuri. Kama unaweza kusubiri miezi mitatu ukiweka akiba, EMEK haikati gololi ovyo na haili upepo mwingi.

Kwa mtumba, mwambie muuzaji mkutane uwanjani, siyo kwenye maegesho. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, kuna aliyekuwa akifungua bila kujua. Funga mtungi wako mwenyewe, sikiliza kwa dakika nzima. Koki, funga sefti, vuta triga. Kisha piga ishirini kwenye kipima kasi.

Akikuuzia na mtungi, usiangalie rangi yake. Tafuta mwezi na mwaka wa kupimwa, uliogongwa kwenye chuma au kuandikwa kwenye lebo. Marekani mtungi wa namna hiyo hupimwa upya kila baada ya miaka 5, na ule wa nyuzi za kaboni kwa kawaida huishia miaka 15 tangu utengenezwe, hata uonekane mpya. Ukipitwa na tarehe, uwanja hautaujaza, kwa hiyo ondoa thamani yake yote kwenye bei kabla hujatoa pesa.